Kifua cha Mwalimu Elia

Usiku ule nilisikia mvumo kabla sijaona kitu. Mvumo mwembamba, wa ndani kwa ndani, kama mtu anayeimba amefumba mdomo. Kisha nikajiona kibandani kwangu, mbele ya sanamu ya Mwalimu Elia.

Nilikuwa nimeimaliza jana yake: miguu ya mizizi iliyoletwa na mto, ndevu za nyuzi za mgomba, kifua cha gogo lenye uwazi nililookota msituni. Mjane wake, Mama Neema, aliitazama akacheka hadi akajifuta machozi. "Umemnenepesha, mwanangu! Kifua hiki yule alikitoa wapi?" Asubuhi angekuja na majirani waibebe, waisimamishe katika shule aliyonifundishia kazi hii.

Gogo lile lilikuwa na tundu, na nyuki wadogo, wale wasiouma, walikuwa wakiingia na kutoka. Nilikuwa na haraka. Nililiziba kwa udongo.

Sasa kibanda hakipo. Tuko msituni, Mwalimu amechuchumaa kando ya gogo, kama alivyofanya kila tulipokwenda kuokota.

"Tunasubiri nini, Mwalimu?"

"Mwenye nyumba."

Tunasubiri. Mvua inanyesha, lakini hatulowi. Ananigeukia, anafungua vifungo vya shati, na katikati ya kifua chake nauona udongo wangu, na alama ya dole gumba langu juu yake.

"Kazi nzuri, Furaha," anasema. "Ila sipumui."

Nachimba kwa kucha. Kila ninavyochimba, udongo unaongezeka. Anatazama saa yake kama kipindi kimekwisha, anafunga vifungo, anainuka. Sijui ule mlango ulitoka wapi pale msituni. Anapita, anaurudishia taratibu.

Nikaamka. Kumekucha. Nikakimbilia kibandani, nikaweka sikio kwenye kifua cha sanamu. Kimya. Je, mvumo ule ulikuwa wa nyuki, au wa Mwalimu? Nikauchokoa udongo kwa kisu. Nikangoja, nikangoja. Nyuki mmoja akajitokeza, akasimama ukingoni mwa tundu, kama asiyejua yuko wapi. Hata mimi sikujua kama nyuma yake wapo wengine.

Nikakata kamba zilizoshikilia gogo kwenye sanamu. Kifua kikatoka, Mwalimu akabaki miguu na ndevu. Kwa mbali nikasikia majirani wanakuja, na kicheko cha Mama Neema kikiwatangulia. Nitamwambia nini? Nikalipakata gogo kama mtoto mchanga, nikashika njia ya msituni, na mlango wa kibanda ukajifunga nyuma yangu.