Mama Anayemwazima Mwanawe Macho ya Skrini

Kinyozi wa mlango wa pili ana hadithi yake, na ukimpa nafasi atakusimulia kabla hujakalia kiti. Anadai kwamba mama yake Fundi Chogo, katika siku zake za kwanza dukani kwa mwanawe, aliingia asubuhi moja akatazamana na sura yake mwenyewe kwenye skrini za ukuta mzima, akadhani ni tangazo la msiba wake. Kwa maneno ya kinyozi, mama alitoka mbio hadi barabarani, kiatu mkononi, akiuliza nani amemzika.

"Mwongo mkubwa huyo," anasema mama, akicheka mpaka mabega yanatikisika. "Ningekimbiaje na goti hili? Nilimuuliza tu mwanangu, mbona hapa nina homa ya manjano, na pale nimeota majani?"

Ni saa tatu asubuhi. Katika chumba kimoja chenye meza ndefu na nyaya zilizofungwa kwa kamba za viatu, fundi anawasha skrini za kompyuta alizozifufua jana. Zote zinaonyesha picha ileile anayojaribia siku zote: mama amesimama na gauni jekundu. Mama huyohuyo, na gauni lilelile, ameketi kando kwenye stuli, mguu ameunyoosha. Kila skrini inapowaka anaitupia jicho, anailinganisha na mkono wake na gauni lake, kisha anahukumu.

"Hiyo imenipausha. Hiyo sawa. Hiyo izime kabisa, inanitia aibu."

Fundi anauza skrini zilizotumika. Jina la utani amelipata kwa skrini moja ya chogo, nene kama sanduku, ambayo hakubali kuiuza. Anasema ni nzito, inakula umeme, na ukikaa nayo kutwa macho yanawasha. Lakini weusi wake ni weusi kweli. Skrini bapa za mwanzo, anaeleza, zina taa ndefu nyembamba kwa nyuma, na taa hizo zikizeeka kila kitu kinageuka manjano. Za baadaye zina taa ndogondogo, zinang'aa vizuri, ila nyingine zinavuta kwenye buluu.

Mteja akija, anasogezwa kando kwanza. Skrini ya bei nafuu ukiitazama mbele ni nzuri, ukisogea pembeni sura inafifia kama imekukasirikia. Ile bora haibadiliki popote utakapokaa. Anayechapa barua hahitaji hiyo, anasema fundi. Huyo atafute tu isiyong'aa kioo, maana akikaa karibu na dirisha atajiona yeye badala ya barua.

Yote hayo anayajua. Asichokiona ni kitu kimoja.

"Nyekundu na kijani zinanichanganya tangu utotoni," anasema bila kuficha. Mama anadakia kwamba alikuwa akitumwa nyanya zilizoiva, anarudi na kikapu cha mbichi, kifua mbele.

Zamani aliuza hivyohivyo, kwa kubahatisha. Kisha mpigapicha wa mtaani akanunua skrini ambayo fundi alikuwa "ameirekebisha" rangi kwa mkono wake. Kwa kuiamini skrini hiyo, mpigapicha alisafisha picha za harusi, na maharusi wakatoka na nyuso za kijani. Habari ikaenea. Wateja wakapungua, hata fundi akawaza kurudia kazi yake ya kwanza, kutengeneza redio.

"Nilisema bora redio. Redio haina rangi."

Wakati huohuo mama alikuja mjini kutibiwa goti. Nyumbani alikuwa akibaki peke yake kutwa, kwa sababu mkwewe, mke wa fundi, huenda kazini mapema na kurudi jioni, basi akawa anashinda dukani. Siku alipouliza swali lake la homa na majani, fundi alizitazama zile skrini mbili akaziona sawasawa. Hapo akavuta stuli, akamsihi akae.

Sasa mpigapicha amerudi, na hanunui kabla mama hajaitikia kwa kichwa. Wateja wanaambiwa mlangoni kwamba fundi wa umeme ni mwana, fundi wa rangi ni mama.

"Alinizaa, akanilea, na sasa ananiazima macho," anasema fundi. "Nashukuru mpaka nakosa pa kuanzia."

Mkewe, aliyepita kuchukua ufunguo, naye ana lake. "Wenzangu wanalia mama wakwe hawaondoki. Mimi naogopa wangu ataondoka."

Hofu hiyo ina sababu. Goti limepona. Binti wa mama, anayeishi mji mwingine, amejifungua mapacha na anapiga simu kila jioni. Tiketi ya basi imeshakatwa, ya Jumamosi.

Fundi ana mipango: kupanua duka, kuweka kiti chenye mto, kuchukua kazi za ofisi zinazotaka rangi zisizodanganya. Bila mama, anakiri, atarudi kubahatisha.

Jioni, kabla ya kufunga, anachuchumaa mbele ya stuli.

"Mama, dada ana mume, ana mawifi. Kwangu mchana ni wewe tu. Nakuomba, kaa nami mpaka mwaka uishe."

 Mama anaigeukia skrini iliyo karibu, anashika ncha ya kilemba chake na kuanza kuifuta vumbi taratibu, kuanzia pembeni.