Kirungu cha Mwenye Gemu

Mwenye mashine ya gemu pale stendi hushika kirungu cha kuchezea, kidole cha mwisho kikiwa juu, kama bibi harusi anayekunywa chai. Kirungu cha zamani kilikuwa kizito, ukikivuta kinalia "ta!" mpaka Mpwapwa wanasikia. Kilipovunjika akafunga feki, maana siku hizi kila kitu ruksa. Chepesi kama upekecho wa mlenda, na hakilii hata kidogo. Wateja wakaanza kuhamia kwa jirani. Jana akatuita, mimi na vijana wa stendi, tushuhudie kuwa sasa kinalia.

"Bibi, sikiliza, orijino hii!" Akavuta: ta! Akasukuma: ta! Vijana wakapanga foleni. Mimi nikapangusa shavu.

"Mjukuu wangu, mbona kirungu chako kinatema mate?"

"Kinatema wapi!" Akawa ananifokea huku mkono ukivuta kushoto, kulia, na kirungu bubu. Alipomaliza kufoka kikalia tena "ta!", foleni imeshafika kwa jirani.