Sindano yangu ya biologic iliganda kwenye friza wakati wa msiba wa mama

Wakuu, heshima zenu. Hili limenipata mwenyewe hapa Toronto, sijasimuliwa na mtu. Mtanivumilia nikirukaruka, kichwa bado hakijatulia.

Mimi ni msusi, nakaa kwenye maghorofa ya Dixon. Mikono ndiyo ofisi yangu.

Nina baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inakugeuka na kukushambulia wewe mwenyewe. Kabla ya biologic, dawa ya sindano inayoituliza hiyo kinga, nilikuwa siwezi hata kufunga kifungo cha gauni asubuhi. Sasa najichoma pajani kila baada ya wiki mbili, na kusuka nasuka.

Kwa msioijua, hii sindano inakaa kwenye friji. Kabla ya kuianza wanakupima TB, maana inashusha kinga. Ukiwa na homa unawapigia kliniki kwanza, huchomi tu.

Sasa, mama yangu akafariki Tanga. Akazikwa siku ileile, sikuwahi.

Mnajua misiba yetu, hata huku. Kina mama wakaja na masufuria, jiko likawa lao. Mimi nikakalishwa mkekani, sigusi kitu. Mkuu wa jiko alikuwa Mama Zubeda, jirani yangu wa ghorofa ya juu, aliyenipokea nchi hii nikiwa sijui hata koti gani la kununua.

Watu wakatawanyika, siku ya sindano ikafika. Nafungua friji, boksi halipo.

Nikatoa vyombo vyote. Nikapekua hadi kabati la nguo, jasho linanitoka. Nikampigia Mama Zubeda. Akasema, kwa utulivu kabisa, ameiweka friza, kwa sababu friji ilikuwa inafunguliwa kutwa nzima na dawa ingepata joto.

Nikaikuta chini ya mfuko wa mihogo. Imekuwa barafu.

Akashuka kuja kuiona. Nikamwambia imeharibika.

"Haijaharibika, mwanangu. Nyama tunagandisha, tunayeyusha, tunakula. Iache mezani."

Ikayeyuka kweli, ikawa safi, wala hujui kama iliganda.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, wakuu. Vidole vilishaanza kukaza. Jumamosi nilikuwa na bibi harusi wa kusuka. Na huyu mama ananitazama. Nilitamani niichome tu yaishe, asijisikie vibaya. Nikakaa, nikasimama, nikakaa tena.

Mwisho nikampigia mfamasia. Akasema ikishaganda nisiitumie, hata ikionekana safi. Na nisije nikachoma mbili kwa pamoja baadaye kufidia. Akaagiza nyingine, akanituma niulize kliniki ratiba mpya.

Kusubiri ndiko kulikonitesa. Lifti ikilia, nadhani ni delivery. Nachungulia dirishani, naona ndege zinashuka Pearson, narudi kukaa. Vidole vikavimba. Bibi harusi nikampeleka kwa msusi mwingine, kisha nikalia sana. Sijui nilililia mikono au nilimlilia mama.

Asubuhi zote hizo aliyenifunga vifungo ni Mama Zubeda. Hakuomba radhi hata mara moja. Alinichana nywele na kunipikia uji.

Dawa ikaja, nikachoma, vidole vikafunguka taratibu.

Juzi kulikuwa na hitma kwa familia moja Regent Park. Tumeingia jikoni na masufuria yetu, Mama Zubeda akasimama mbele ya friji, mikono kiunoni, hajaifungua.

"Kabla hatujagusa humu, nani ana dawa yake ndani?"

 Binti wa mwenye nyumba akasogea, akatoa boksi nyuma ya maziwa. Linafanana na langu. Shangazi zake walikuwa hawajui.

Mama Zubeda hakumuuliza ya nini. Akalirudisha palepale, akaamuru masufuria yakae balcony, baridi ya bure ipo.

Nilichojifunza: dawa ikiganda, usiamini macho, piga simu famasia. Na wanaoshika jiko lako waambie mapema, kabla hujakalishwa mkekani.

Nyie mnaojichoma, nani nyumbani kwenu anajua kilichomo kwenye hiyo friji? Semeni hapa chini, nasoma zote.