Mkongojo wa Mama Uko Ukutani

Mama aliponywa Jumapili asubuhi, mbele ya watu, na aliyerekodi kwa simu ni mimi mwenyewe. Kwa miaka miwili alikuwa akitembelea mkongojo wa mninga aliochongewa na baba, fundi wa vinyago kutoka kusini, muda mfupi kabla hajafariki. Siku ile, katika kanisa la mabati hapa Manzese, aliwekewa mikono, akauachia, akatembea hatua kumi na moja. Nililia, sitaficha. Mkongojo ukatundikwa ukutani pamoja na magongo na miwani ya waliomtangulia kuponywa, ndiyo desturi yao.

Video nikaitupia kwenye grupu la mtaa. Kesho yake uani kwetu hapakuwa na pa kukanyaga. Walileta watoto waguswe na mama, wakapiga naye picha. Jirani wa kushoto, ambaye miaka yote miwili hakuwahi kumletea hata uji, akajitangaza kuwa ndiye aliyemshauri aende. Wasioamini nao wakaandika kwamba tumelipwa tuigize. Hakuna hata mmoja aliyeuliza goti linaendeleaje.

Wiki ya tatu goti likavimba. Nikaenda kanisani kuuomba mkongojo.

"Mwanangu, ule sasa ni ushuhuda," mzee wa kanisa akaniambia. "Tukiushusha, wanaokuja watasema nini?"

"Mama anatambaa, mzee."

"Basi imani imepungua. Mwambie aombe."

Nilitamani anirudishie shikamoo yangu.

Nikamnunulia mama magongo ya chuma. Akayasukumia uvunguni. "We unataka waseme nilidanganya? Waseme nimemwaibisha Mungu?" Tangu hapo anatembea kwa kusukuma kiti cha plastiki, na mlango tunaufunga kwanza. Nina hasira na mzee yule, nina hasira na mtaa mzima, lakini simu iliyorekodi ni hii hii ninayoichaji kila siku.

Jana jirani alileta wageni kutoka Kinyerezi waje kumwona mama aliyeponywa. Mama akaniamuru nifiche kiti, nifungue mlango. Akasimama, mkono kwenye fremu ya mlango, akatabasamu.

"Mama, hebu tembea kidogo, turekodi," mmoja akasema.

Akatembea hatua tatu, akarudi kuishika fremu. Wakapiga vigelegele, wakaaga.

"Wameshakata kona?" aliniuliza, tabasamu bado liko usoni.

"Wameshakata, mama."

Ndipo akaachia fremu, akaanguka.