Siku Mama Mkwe Alipokwenda Kumtunza Mwimbaji

Mimi ni mtu wa nyumbani, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Wenzangu wameimaliza Sydney yote. Mimi naijua kutoka kituo cha Quakers Hill hadi Westmead, ambako nasukuma matoroli ya mashuka hospitalini, na kutoka Westmead hadi Quakers Hill. Mke wangu husema nikifa nizikwe kwenye kochi letu, maana shimo nimeshalichimba.

Kwa hiyo Jumapili ile aliponiambia nivae nguo za kutokea, nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amenunua tiketi mbili, yake na ya mama yake, za kwenda kumwona mwimbaji mkongwe wa Kihindi. Huyo ni mmoja wa wale ambao hawaonekani kwenye filamu: mwigizaji anafumbua mdomo, sauti ni ya mzee huyu. Mama mkwe wangu alikua akiisikia sauti hiyo huko Tanga, enzi za filamu za Jumapili. Lakini mke wangu alikuwa mjamzito wa miezi saba, na asubuhi ile miguu yake ilivimba ikakataa kila kiatu.

"Utampeleka wewe," alisema. "Na umwongeleshe. Jumamosi anaondoka, na mimi nilitaka awepo nikijifungua."

Hilo ndilo lililokuwa likitusumbua. Mama mkwe alikuja akae mpaka mtoto azaliwe. Wiki ya sita akaanza kusema anataka kurudi kwake. Leo sababu ilikuwa baridi, kesho kuku wake, keshokutwa paa la nyumba linavuja. Tarehe ya tiketi ya ndege ikarudishwa nyuma. Mke wangu alijifungia bafuni akafungulia maji ili nisimsikie akilia. Nilimsikia.

Mimi nilijiona sina kosa. Kwetu bara, mama mkwe haguswi hata kwa macho. Baba yangu akimwona mama mkwe wake anakuja njiani, alikuwa anakata kona na kupita kwenye mahindi ya watu. Huketi naye karibu, huli mbele yake. Nyumba yangu haina mahindi, ina korido tu, basi kila niliposikia kandambili zake nilikimbilia chumbani. Chakula nilikula kwenye gari. Asubuhi "Shikamoo mama," "Marahaba baba," imetosha mpaka kesho. Nilijiona mkwe wa mfano.

Kwenye treni alikaa dirishani, nami nikakaa viti vitatu nyuma yake, kwa heshima. Tulipofika Blacktown aligeuka akanitazama, akarudisha uso dirishani. Lidcombe, tulipobadilisha treni, nilitembea hatua kumi mbele yake kama ninayemtafutia njia porini.

Ukumbini heshima yangu ilikwama. Viti vilikuwa na namba, na namba zetu zilifuatana. Nilikaa bega kwa bega na mama mkwe, mikono nimeibana katikati ya magoti.

Mwimbaji alitoka ameshikwa mkono, mzee mdogo aliyevaa sweta chini ya koti. Wakamletea kiti, akakisukuma kwa mguu. Wimbo wa kwanza sauti ilikwaruza, watu wakavumilia. Wa pili ikafunguka, na bibi mmoja wa Kihindi kwenye safu ya mbele yetu akavua miwani kujifuta macho.

Hapo nikasikia mama mkwe anaimba, na haikuwa Kihindi. Kikundi chake cha taarabu, enzi za usichana wake, kilichukua tuni hiyo na kuitilia maneno ya Kiswahili. Bibi wa mbele analia mapenzi. Mama mkwe, kwa tuni ileile, anamsuta jirani mwenye kijicho. Nilikaza macho jukwaani. Kidato cha nne nilifika, lakini somo la namna hiyo halikuwemo.

Wimbo wa tatu alifungua fundo la leso, akatoa noti, akasimama na kujifunga kanga kiunoni.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kumtunza. Mtu ameimba hivi aachwe hivihivi?"

Kwao mwimbaji akikukuna, unainuka, unamwendea ukicheza polepole, noti juu, unampa mbele za watu wote. Nilimwambia huku hawatunzi. Alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, nibaki kitini nijifanye simjui, jambo nililokuwa na mazoezi nalo ya wiki sita nzima. Lakini mlinzi alikuwa ameshamwona na anakuja. Nikainuka.

Sasa, huwezi kumfuata mtu anayecheza huku wewe unatembea tu. Unaonekana kama unakwenda kumkamata. Ikabidi nami nicheze. Sikucheza sana, mabega tu. Watu wakatupisha, simu zikainuliwa, nikatamani shimo la kochi langu.

Mlinzi alinyoosha mkono, akatuambia turudi kwenye viti. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha hospitali kwamba mama huyu anatoa shukrani, ndivyo wanavyofanya kwao. Akasema utaratibu ni utaratibu. Mama mkwe hakubishana. Aliendelea kucheza palepale, noti juu, kama anayesubiri geti lifunguliwe.

Mzee aliona. Bila kuacha kuimba alisogea mpaka ukingoni mwa jukwaa, akainama, magoti yakichukua muda kukunjika. Mlinzi akashusha mkono. Mzee akaipokea noti, akaigusisha kwenye paji la uso, akaitia mfukoni. Ukumbi ukapiga vigelegele vya Kihindi na vya Kitanga.

Wakati wa kurudi, ndani ya treni, nilianza kwenda kwenye kiti changu cha tatu nyuma. Mama mkwe akapigapiga kiti cha pembeni yake. Nikakaa.

"Kumbe una mabega," alisema.

Nikayashusha. Kituo kilichofuata akaniambia:

"Mimi nilijua hunitaki kwako, baba. Nikiingia jikoni, unatoka. Nikasema niondoke, nisije nikamvunjia binti yangu nyumba."

Nikamweleza habari za baba yangu na mahindi. Nilieleza vibaya, nikarudia.

"Sasa ulikuwa unakula wapi?"

"Kwenye gari, mama."

Alicheka mpaka akajifunika uso kwa leso, na kijana mwenye vifaa vya muziki masikioni akageuka.

"Kwetu mkwe ni mtoto," alisema alipotulia. "Mtoto akinikimbia, najua mimi ndiye niliyemkosea." Akakunja leso. "Hiyo tiketi ya Jumamosi, wanakubali kuisogeza?"

"Wanakubali, mama," nilijibu kama meneja wa shirika la ndege, ilhali sijui chochote.

Nyumbani tulimkuta mke wangu kwenye kochi, ndani ya shimo langu, miguu juu ya mito. Mama mkwe alipitiliza jikoni, na punde akaita, "Baba, njoo unimenyee ndizi."

Mke wangu alinitazama, akaitazama korido. Nikaenda.

Nilimenya vibaya, akanionyesha. Mke wangu akauliza kutoka kwenye kochi kuna nini huko, asijibiwe. Tulikuwa tunaimba. Maneno siyajui, nilitumia mabega.