Kikombe cha Kwanza Alinipa Mimi

Jumapili ya mwisho kabla vita havijapanda mlima wetu, tulirudi kutoka misani, nikavua viatu vilivyokuwa vikinibana, nikaketi barazani kumtazama mume wangu akichezea buli lake. Nasema kuchezea kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikimtania. Mwanamume mzima, dereva wa malori, viganja kama makoleo, ameinamia kibuli cha udongo kisichozidi ngumi ya mtoto, anakishika kama kifaranga.

Alifundishwa na Mchina mmoja, mpimaji wa barabara, ambaye mume wangu alimwendesha kwa miaka kadhaa. Siku ya kuondoka Mchina alimwachia buli, vikombe vyake, na kopo la chai yao iitwayo oolong. Sisi ni watu wa chai. Bonde letu lote lilikuwa mashamba ya chai, lakini chai kwetu ni maziwa, sukari na tangawizi, kikombe kikubwa mpaka ukingoni. Ile ya Mchina ilikuwa majani yaliyoviringwa kama punje za pilipili manga. Yakimiminiwa maji ya moto yanafunguka polepole na maji yanageuka rangi ya asali. Haitiwi sukari. Mara ya kwanza nilimwambia ananinywesha maji ya kuoshea sufuria. Baadaye niliipenda, ila sikukiri mapema, maana mume akijua umeshindwa anakupanda kichwani.

Ilikuwa na utaratibu wake. Alilipasha buli moto, akatia majani, akamimina maji, na maji hayo ya kwanza akayamwaga papo hapo kwenye sinia. Hayo ni ya kuosha majani, hayanywewi. Kisha aliinua kifuniko akakinusa, akafumba macho, ndipo alipomimina maji ya pili. Buli lenyewe halikuoshwa kwa sabuni hata siku moja, kwa sababu udongo wake hunywa kila unachotiwa na kukitunza. Kikombe cha kwanza, kidogo kama ganda la yai, alinipa mimi. Jumapili ile nilikipokea huku nikimwangalia Furaha, binti yetu, aliyekuwa akijifunza kutembea kwa kushika ukuta. Nilikunywa bila kutazama ndani.

Leo tunaishi London, Woolwich, ghorofa ya juu, lifti inafanya kazi ikipenda. Mume wangu yu hai. Nasema mapema ili msomaji asinisikitikie bure. Hata mimi ni hai, na Furaha ni mhasibu anayetujibu kwa Kiingereza. Watu wa kanisani kwetu wakitaka mfano wa familia ambayo Mungu aliivusha, hututaja sisi, na mimi huinamisha kichwa. Kuna swali moja nililobeba tangu kule, nalo lilihusu yule anayelala upande wa pili wa kitanda.

Wapiganaji walifika wiki ileile. Nyumba yetu ilikuwa kwenye kona inayotazama barabara yote mpaka chini ziwani, kwa hiyo mkubwa wao akaipenda. Tulimwita Afande, jina lake hatukulijua wala hatukuthubutu kuuliza. Alisema atakaa siku mbili. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wetu alikuwa na bunduki, na jembe tulishika sisi. Nilimfulia, nikampigia deki, nikamchotea maji ya kuoga, na chumba changu cha kulala kikawa chake.

Lazima nieleze jambo moja la kwetu. Sumu inaogopwa kuliko risasi. Mgeni hafunguliwi soda jikoni. Inafunguliwa mbele ya macho yake, na mwenye nyumba anaonja kwanza. Huo ni uungwana, hakuna anayekasirika. Afande aliugeuza uungwana huo kuwa kitanzi. Hakula wala kunywa kitu ambacho mume wangu hakuanza. Na wakati mume wangu anaonja, Furaha aliwekwa chumba cha nyuma na mpiganaji mlangoni, ili sisi tusijifanye mashujaa.

Chakula alikila kwa mashaka, lakini chai ya oolong aliipenda. Ilipikwa mezani pake, haina maziwa wala sukari ya kufichia kitu. Kila siku baada ya chakula cha mchana alimwita mume wangu, “Papa Furaha, leta ile ya Mchina.” Mume wangu alipasha, akamwaga, akanusa, akamimina, akanywa. Halafu wote tulisubiri kuona kama atakufa. Mimi nilisimama karibu na mlango nikilitazama koo lake. Nilimchukia Afande kwa mambo mengi, ila kwa kunifundisha kulitazama koo la mume wangu namna ile nilimchukia zaidi.

Wapiganaji wake hawakumpenda pia. Asubuhi moja alimcharaza mpishi wake fimbo uani, mbele ya wenzake, kwa ajili ya maharage yaliyoungua. Mpishi yule hakulia. Alirudi jikoni, na jikoni ndiko buli lilikokuwa limewekwa wazi likauke. Kikulacho ki nguoni mwako, na Afande alivaa nguo nyingi.

Mchana wake aliitisha chai.

Mume wangu alimimina maji ya kwanza, akayamwaga. Akainua kifuniko, akakinusa.

Hakufumba macho.

Alikishikilia puani muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akamimina maji tena, na hayo pia akayamwaga kwenye sinia. Sikuwahi kumwona akimwaga mara mbili.

“Mbona leo unamwaga sana?” Afande aliuliza.

“Majani imekawia kufunguka, Afande.”

Afande alimtazama. Kisha akanigeukia mimi pale mlangoni.

“Leo bibi yako ndiye ataanza.”

Mume wangu alimimina. Alinipa kikombe kwa mikono miwili, kama Jumapili, na hakuniangalia usoni.

Nilikunywa.

Ladha haikuwa mbaya sana. Kulikuwa na kitu nyuma ya ulimi, kama kitunguu saumu kilichooza. Tulisubiri. Afande alikwisha kujaziwa kikombe chake na alikuwa amekishika tu.

Jasho lilianza shingoni. Kisha mate, mengi, nikishindwa kuyameza. Mwanga wa dirishani ukapungua ingawa jua lilikuwa juu. Nilitaka kumwita Furaha, nikatapika badala yake, juu ya viatu vya Afande.

Aliweka kikombe chake mezani taratibu. Akamwita mpishi, akamwambia anywe. Mpishi akakataa.

Wakampeleka nyuma ya jiko. Nilisikia mlio mmoja.

Mengine niliyaona kupitia machozi na kamasi. Afande alilipiga buli ukutani likawa vigae. Alisema nyumba hii imeoza, na kabla jua halijatua alihamia shule iliyo juu yetu pamoja na watu wake. Mume wangu alininywesha maji na mkaa uliosagwa, nikatapika mpaka nikatoa nyongo. Kulipopambazuka alinibeba mgongoni, Furaha kifuani, akateremka nasi kupitia mashamba ya chai yaliyogeuka pori, mpaka mpakani. Nguvu ya kutembea ilinirudia siku nyingi baadaye. Alinibeba dereva yule, bila kulalamika, na kila hatua aliyopiga niliwaza kile kifuniko.

Tulikaa kambini Uganda mpaka Furaha akaanza shule, ndipo tukaletwa huku. Nilijifunza baridi, basi, na kusimama foleni kwenye ofisi ya wahamiaji Croydon nikiwa na karatasi zetu kwenye mfuko wa plastiki. Mume wangu alipata kazi ya kusafisha treni, mimi nikapata ya kuwahudumia wazee majumbani. Tuliishi vizuri. Hatukugombana. Jikoni nilipika mimi, nikapakua mimi, na kila mtu alijitengenezea chai yake. Hakuna aliyesema kwamba ndivyo itakavyokuwa. Ilikuwa hivyo tu, na mtu akiwa na zamu za asubuhi na za usiku haonekani wa ajabu.

Halafu mwaka jana Furaha akamletea baba yake zawadi. Aliwahi kumsikia akisimulia habari za Mchina, basi akaingia duka moja la chai katikati ya jiji, akanunua buli dogo la udongo mwekundu na pakiti ya oolong. Maskini mtoto, aliona amefanya jambo zuri. Baba yake alilishika, midomo ikamcheza. Jumapili iliyofuata alipasha, akamwaga mara moja, akanusa, akafumba macho. Kikombe cha kwanza akaniwekea mimi.

Nilikipeleka jikoni kana kwamba naongeza maji, nikakimwaga kwenye sinki. Jumapili nyingine hivyohivyo. Hakuuliza. Aliniwekea, nikamwaga, akaosha kikombe. Tungeweza kuendelea hivyo mpaka mmoja wetu azikwe, kama Furaha asingekuja Jumapili moja na kuniuliza, kwa Kiingereza chake, kwa nini sinywi kamwe chai ya baba. Nilimwambia tumbo linanisumbua. Alipoondoka niliketi mbele ya mume wangu.

“Ile siku ulinusa kifuniko,” nikasema kwa Kiswahili cha kwetu. “Ulisikia nini?”

Alifuta meza iliyokuwa safi.

“Dawa. Ile ya kupuliza kabichi.”

“Ulijuaka.”

“Nilijuaka.”

“Na ukanipatia.”

“Nilimwaga mara mbili, Mama Furaha. Ya tatu angejua. Ningesema iko sumu, angesema ni sisi tumetia. Mutoto alikuwa kule nyuma na yule mwenye bunduki.”

“Ungeomba unywe wewe.”

“Ningeomba, angejua vilevile.” Akakunja kitambaa alichofutia meza. “Kikombe kilikuwa kidogo. Nilisema moyoni, pengine utapona.”

“Na kama ningekufa?”

“Ningebakia na Furaha.”

Alisema wazi hivyo, bila kujitetea, na nikamheshimu kwa hilo. Nimelipindua jambo lile kila upande. Nimetafuta alipokosea, sijapata. Ningekuwa mimi nimeshika buli na yeye amesimama mlangoni, ningefanya alivyofanya, ningetazama pembeni alivyotazama. Mtoto tunaye. Tunaye kwa sababu ya kikombe kile. Ninajua hayo yote na nina uchungu naye ambao hautoki. Angekuwa ametenda kosa ningemsamehe siku nyingi, maana mimi si mtu wa kuweka kinyongo. Sasa nitamsamehe nini? Watu wetu waliopoteza waume wana kaburi, au angalau wana jina la kuombea misa. Mimi wangu anakoroma upande wa pili wa kitanda, na nilichopoteza siwezi hata kukitaja kanisani bila kuonekana mwanamke asiye na shukrani.

Kesho yake Jumatatu nilikuwa na zamu kwa bibi mmoja wa Kiingereza, mtaa wa tatu kutoka kwetu, ambaye mikono yake haishiki tena. Nilimtengenezea chai yake, ya maziwa, nikaipoza, nikamwekea kikombe mdomoni. Televisheni ilikuwa ikionyesha mashindano ya bustani, na yeye alikuwa akiyatazama hayo. Hakukitazama kikombe, hakunitazama mimi. Alifungua mdomo akanywa mpaka tone la mwisho, akashukuru, akarudi kwenye maua yake. Nilimwonea wivu hata nikalazimika kwenda kusimama jikoni.