Maganda Chini ya Benchi

Mama yangu alikuwa akiuza egichopu kwenye banda la mpira hapa Kilindoni. Ni yai la kuchemsha lililovikwa nyama ya kusaga, likachovywa kwenye chenga za mkate na kukaangwa. Alifunzwa na bibi, ambaye ujanani aliwapikia Waingereza wa serikali ya kikoloni. Wao hutia nguruwe. Bibi akatia ng'ombe, tangawizi na pilipili manga, na dini yake ikabaki salama.

Siku za ligi ya Uingereza, sinia lilikuwa likiisha kabla ya mapumziko. Mgeni mmoja Mwingereza, aliyefikia hoteli za Utende, aliiona egichopu akafurahi kama aliyekutana na ndugu. Akatuambia kwao inauzwa mpaka kwenye vituo vya mafuta, watu huitania kwenye televisheni, na wakati wa korona, baa ziliporuhusiwa kuuza pombe kwa mwenye kula tu, wakubwa wao walibishana kama ni mlo kamili au kitafunwa tu. Nikamtafsiria mama.

"Wana nafasi hao," akasema. "Mwambie ale, isipoe."

Huyo ndiye mama ninayemkumbuka. Mwaka jana alianza kupotea. Akawa anamuulizia baba, ambaye tulimzika zamani. Nilijipa moyo kwamba madhali mikono yake bado inajua kupika, mwenyewe yupo. Kila asubuhi nilimwacha jikoni nikaenda zangu shambani.

Jioni moja nilikwenda kumsaidia kufagia banda, nikakuta maganda ya mayai chini ya mabenchi. Mayai tunayamenya nyumbani. Nikachukua egichopu iliyobaki kwenye sinia, nikaipasua. Yai lilikuwa limevikwa nyama pamoja na ganda lake.

"Tangu lini?" nikamuuliza mwenye banda.

Akainamisha uso. "Tangu kabla ya Ramadhani, dada. Tungemwambiaje mama wa watu? Tunatema kidogo kidogo tu, hatumwoneshi. Mtu mzima utamvuaje nguo?"

Nilikasirika. Wanaume wazima na ndevu zao wanashangilia mabao huku wanatafuna maganda, na kesho wananunua tena! Stara ni jambo jema, ndiyo tuliyolelewa nayo. Lakini mimi ilinifichia mama yangu mpaka akawa ameshafika mbali. Daktari alisema ugonjwa huu hauna dawa ya kumrudisha mtu.

Sasa nakaanga mimi, na yeye namkalisha mkekani karibu yangu. Juzi nilimpa moja. Akaila taratibu, akafuta vidole kwa ncha ya kanga, akaniangalia kwa ule upole aliokuwa akiwawekea wageni.

"Tamu," akasema. "Nani kakufunza, binti?"

"Mama yangu."

"Ana bahati huyo," akasema. "Mimi Mwenyezi Mungu hakunijaalia mtoto."

Nikamwongezea nyingine.